Mahali pa Kuificha

"Hii ndogo itakufaa, mama," muuza silaha alisema. "Utaificha wapi? Kwenye mkoba?"

"Mume wangu huupekua kila akirudi," Mwanahawa alijibu.

"Kiunoni, basi?"

"Hapo ndipo anaponikamata. Na safari hii ameapa kunimaliza."

Muuzaji akamkabidhi bastola. Mwanahawa alifungua mbeleko, akamlaza mtoto mapajani, kisha akaipenyeza bastola ndani ya sidiria, pale anapozoea kuficha ufunguo. Chuma kilimtia baridi. Akajitanda kanga, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Haikuonekana.

"Hapa hataijua," alisema, akashusha pumzi.

Mtoto aliamka. Hakulia. Aliingiza mkono chini ya kanga kama afanyavyo kila akisikia njaa, akapapasa kifua cha mama yake, akashika kitako cha bastola, akatulia.