Mkono wa Rukia

Siku hizi kila mashine ya kuchonga lazima ipewe mkono wa mtu. Unavaa bangili, unazungusha mkono, na mota inayozungusha mbao inakuiga daima. Mashine ya mume wangu Shaali, fundi wa vitanda, ina mkono wa Rukia, marehemu mke wake.

Kila asubuhi anaisalimu kabla yangu. "Umeamkaje, mama?" Jioni anaifunika kanga. Mimi je, hata blanketi hanivutii!

Ijumaa alipokwenda msikitini niliingia karakana, nikafungua programu, nikafuta mipangilio yote ya mota ile, pamoja na mkono wa Rukia. Nikavaa bangili, nikazungusha mkono wangu mwenyewe mpaka mota ikanifuata. Nikachonga mguu mmoja wa kitanda, nikauacha mezani. Nilitaka auone, agombe, lakini ajue nyumbani kuna mwanamke hai.

Akarudi, akaushika, akaupapasa taratibu. Machozi yakamlengalenga.

"Njoo uone, Mwanapili," aliniita. "Tangu afariki hajachonga vizuri hivi. Naona Rukia amenisamehe kwa kukuoa."

Nikauficha mkono wangu ndani ya kanga.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."