Nyumba ya Mwisho Mteremkoni

Choo ndicho kilichoondoka kwanza. Kilishuka bondeni na mabati yake, migomba ikakifuata, na sasa ufa ulikuwa umefika nyuma ya jiko. Kiogora alisikia udongo ukinguruma chini yake kama tumbo la mtu mwenye njaa. Akavuta kigoda, akaketi kizingitini, akaegemeza mgongo mlangoni.

“Siondoki,” alisema.

Mvua haikuwa imekatika tangu Jumapili. Mteremko mzima ulikuwa umehama. Lori la kaunti kutoka Makutano lilikuwa limebeba wazee, mbuzi na magodoro, likawapeleka wote kwenye uwanja wa shule. Nyumba hii tu ndiyo iliyobaki na mtu.

Gatwiri, binti wa kitengo cha majanga cha kaunti, alisimama uani akitetemeka ndani ya koti la mvua. Alieleza kwamba shuleni kuna mahema, blanketi na uji wa moto, na kwamba nyumba hujengwa upya lakini mtu hajengwi. Aliyasema hayo kwa sauti ya juu, kana kwamba anahutubia baraza.

“Umesema vizuri, binti yangu,” Kiogora akamjibu. “Lakini siondoki.”

Mutuma, dereva wa lori, hakuwa na subira ya wasomi. Aliuliza ni lini ukaidi ulianza kubembelezwa. Magurudumu yalikuwa yameanza kuteleza, naye alikuwa na watoto nyumbani. Akakunja mikono ya shati.

“Hapa ni kubeba tu na kuweka nyuma ya lori. Matusi tutayasikia tukiwa barabarani.”

Kiogora alimkazia macho mpaka akarudi nyuma.

“Mtu aliyejenga kwa jasho lake habebwi kama gunia la viazi, Mutuma. Hutoka kwa miguu yake, ama hatoki.”

Simu yake ililia. Mkewe alikuwa amepata habari. Alimuuliza kama amechoka kuishi, na kama anataka watoto wake walelewe kwa michango ya majirani. Kiogora alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aweke githeri motoni, akazima simu.

Jiko likaenda. Ukuta wake uliinama polepole kama mzee anayepiga magoti kanisani, kisha haukuwapo tena. Gatwiri alipiga yowe. Mutuma alikimbilia lori na kuwasha injini, lakini hakuthubutu kuwaacha.

Kigoda kilitikisika. Miguu ya Kiogora ilitaka kukimbia. Akaikandamiza chini kwa mikono yote miwili na kupaza sauti ishinde mvua.

“Kama kilima hiki kinataka mtu leo, kianze na mimi. Niko hapa hapa.”

Kisha komeo likavutwa kwa ndani, mlango ukafunguka ghafla, na Kiogora nusura aanguke chali. Bibi kizee Kajuju alitoka na kuku kwapani, amefunga kitambaa chake cha kwenda kanisani.

“Serikali ya siku hizi ni kaidi kuliko punda,” alisema huku akimpita. “Haya inuka, naibu wa chifu. Sitaki isemwe nilikuulia mlangoni kwangu.”