Nafasi Haikai Wazi

Subilaga alihama Tukuyu kwa sababu ya magoti. Baridi ya kule ilimtesa miaka mingi, mpaka akakata shauri kwenda kuishi nchi ya jua, ng'ambo ya bahari. Huko akapangiwa nyumba iliyofiwa na bibi, maana siku hizi sheria ni moja dunia nzima: nafasi ya mtu nyumbani haikai wazi. Mtu akifa au akihama, serikali inaleta mwingine akae mahali pake.

Wajukuu walimpokea vizuri, wakamwita Bibi tangu mlangoni. Viatu vya marehemu vilimkaa kama alivishonesha mwenyewe. Asubuhi aliota jua uani, magoti yakalegea, akasema peponi ndiko huku.

Jumapili akampigia simu binti yake, Atuganile.

"Shikamoo, mama. Huko salama?"

"Marahaba, mwanangu. Salama tu. Huyo waliyewaletea, mnaelewana?"

"Ah, ni mtu mwema. Mwanzoni alizidisha chumvi kwenye maharage, sasa ameshatujua. Ila hii mvua imemshika magoti."

Subilaga akacheka. "Mwambie kuna dawa yangu ya kuchua, iko chini ya..."

"Tumeshampa."

Kwa mbali mwanamke akaita, na Atuganile akaitika upesi, kwa sauti yake ileile ya utotoni, "Abee!"

Kisha akarudi kwenye simu. "Subiri kidogo, mama. Mama ananiita."

Subilaga akabaki na simu sikioni, jua likimchoma utosini, akisikiliza mvua ya Tukuyu ikipiga bati la nyumba yake.