Umejuaje?

Nilikuwa nimeshika kidole gumba cha mama, namkata kucha, aliponitazama na kuuliza kwa adabu zote, "Samahani dada, wewe ni nani?"

Nikajikaza. "Mimi ni mwanao, mama. Kitindamimba wako."

"Umejuaje?"

Mezani kilikuwapo kitabu cha falsafa kwa wanaoanza, nilichokinunua ili kinipunguzie mawazo. Sikuwahi kuvuka ukurasa wa kwanza. Swali la ukurasa huo lilikuwa hilohilo, nami nililiona la watu wasio na kazi.

"Wewe ndiye uliyenizaa," nikasema.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, ila sikumbuki."

"Basi tuko sawa. Hata mimi sikumbuki."

Hakuwa na masihara. Mama alikuwa mkunga mpaka alipostaafu, na sasa alinisikiliza kichwa kikiwa upande, kama alivyozoea kuwasikiliza wajawazito.

Nikaweka gumba langu kando ya lake. Kucha zote mbili zilikuwa pana na fupi, zimebonyea kidogo katikati.

"Tazama, mama."

Alizitazama, akazipapasa, yangu kisha yake, kisha yangu tena.

"Zinafanana," akasema. "Lakini nimepokea watoto wengi ambao hawakufanana na mama zao hata kidogo, na bado walikuwa watoto wao."

Kwa mara ya kwanza, sikuona haraka ya kupata jibu.

Akaninyooshea mkono wa pili.

"Endelea, mwanangu. Huyo mama yako, hebu niambie, ni mtu wa namna gani?"