Kuku Amfundisha Chatu Kuatamia

Kuku alijiona bingwa wa kuatamia, na hakuna jirani aliyetaga bila kupewa somo. Basi chatu aliyefugwa ua ule ule alipoyazungushia mayai yake mwili, Kuku aliacha kiota, akaenda mbio.

"Shoga, huna hata unyoya! Utayatia joto kwa kitu gani?"

"Kwa kutetemeka," Chatu akajibu, huku akitetemeka.

"Hiyo ni homa!" Kuku akacheka. Akazunguka kwa Bata, kwa Kanga, kwa Njiwa, akisimulia habari za mama mwenye homa. Kila alipokaribishwa, alikaa.

Aliporudi, mayai yake yalikuwa yamepoa. Akayalalia, wapi! Akamrudia Chatu kichwa chini.

"Dada yangu, hiyo homa yako haina nafasi ya mayai matatu?"

Chatu akalegeza mwili. "Yalete. Wala usiogope, nikiatamia huwa nafunga, sili kitu."

Kuku akashusha pumzi.

"Ila vifaranga wakianguliwa uwahi kuwachukua. Mimi hufuturu mapema."

Tangu hapo Kuku hakubanduka ubavuni pa Chatu. Bata na Kanga wakashangaa: kumbe anajua kutulia!