Chetezo cha Bi Kidawa

Haya, nitegulieni kitendawili hiki: tunamwita ndani kwa gharama, tunamfungia milango na madirisha, naye anatoka bila kugusa kitasa. Nani huyo?

Mwanahawa alikuwa akimjua. Alikuwa ameitwa chuoni akasomee kukagua majengo yanavyopoteza umeme, na safari ilikuwa kesho. Lakini mama mkwe wake, Bi Kidawa, alikuwa bado hajampa ruhusa.

"Mama, niende?" aliuliza tena.

"Nyumba inapimwa nini? Ina homa?"

Mwanahawa akacheka. Akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi, akasubiri chumba kipoe. Kisha akatia udi kwenye chetezo cha Bi Kidawa, akapita nacho kando ya kuta polepole, kama fundi cherehani anayefuata mshono. Moshi ulipanda wima. Ulipofika kwenye kona ya chini ya dirisha, ukainama, ukavutwa wote nje.

"Baridi yetu inatorokea hapa, mama. Ndiyo maana kiyoyozi hakipumziki na umeme hautoshi."

Bi Kidawa akatia kidole kwenye ufa. "Ala! Miaka yote nafukiza, moshi ukikimbilia hapa nasema, haya, shetani huyo anatoka!"

Wakacheka mpaka kanga zikawalegea. Kisha Bi Kidawa akamtazama mke wa mwanawe kama ndiyo kwanza anamwona leo. Akavua mtandio wake, akauziba ule ufa. Moshi ukasimama tena wima katikati yao.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Na chetezo uende nacho."