Skrubu ya Nane

Skrubu ya nane iligoma.

Saba zilishatoka, moja moja, kila moja ikitupwa kwenye bakuli la chuma: ting. Mzee Pembesita alizihesabu kwa sikio tu, maana alikuwa amelala chali na kitambaa cha kijani kimetundikwa mbele ya macho yake. Nusu ya maisha yake kaimaliza chali hivyo hivyo, chini ya mashine, mgongo kwenye baridi. Hata leo hakuona ajabu.

Jina hilo walimpa kiwandani, kwa mapenzi yake na zile skrubu za tundu la pembe sita. Ukimletea moja atakueleza mpaka chai ipoe: hii ya kichwa cha mviringo ni ya kubeba mzigo, hii ya kichwa bapa inazama isimkwaruze mtu, na ile isiyo na kichwa kabisa inakaza puli, lile gurudumu la mkanda, huku imejificha kama paka aliyeiba samaki.

Leo ufunguo hakuushika yeye. Aliushika mama mmoja wa miwani, na pembeni yake mwanamume wa kumpokeza vifaa.

Ufunguo ukateleza. Krr. Ukateleza tena.

"Tundu limeliwa," yule mama akasema. Akaulizia msumeno.

Mzee alijua maana yake. Wakikata, unga wa chuma utabaki ndani, na kazi ya miezi yote ianze upya. Meneja wa kiwanda naye alishamwambia wazi, bila kumtazama usoni: chuma kile kikitoka salama, kabati lako la vifaa utalikuta. Kisipotoka, basi, mzee, kaa nyumbani ucheze na wajukuu.

Ilimpasa aogope. Akautafuta woga kama mtu anayepapasa mfukoni, asiuone. Tangu siku ile roli kubwa la kiwandani lilipoteremka juu yake, mwaka na nusu sasa, hakuna kilichomgusa moyo. Mkewe alilalamika kwa majirani kuwa ameolewa na gogo. Binti yao kajifungua mapacha, na mzee kauliza tu kama mlango umefungwa.

Lakini sikio lilikuwa zima. Sikio ndilo lililomfanya aseme.

"Mwanangu, ufunguo huo si wa skrubu hiyo. Umepwaya."

Yule mama akakiri kwamba seti ni ya kuazima, ya kwao haijaja. Mwenzake akacheka kidogo, akasema leo tuna msimamizi.

Mzee akawaelekeza polepole. Wachukue karatasi ya rangi ya fedha, ile nyembamba inayofungia vitu. Waitandike juu ya tundu, waushindilie ufunguo juu yake mpaka ukae kama jino. Kiwandani walitumia ya pakiti ya sigara.

"Sigara humu hamna," yule mama akasema. "Ila uzi wetu umefungwa kwa karatasi ya hivyo."

"Basi hiyo. Halafu usilegeze. Kaza kwanza."

"Nikaze, na mimi nataka itoke?"

"Mgeni mkaidi humsukumi mlangoni. Unamkaribisha kiti tena, kisha mwenyewe anakumbuka kwao."

Akasikia karatasi ikichanwa. Akasikia ufunguo ukishindiliwa, na kitanda kikatikisika kidogo chini yake. Yule mama akakaza kwanza. Kisha kile kilio chembamba cha chuma kinachoachia, ambacho katika miaka thelathini hakijawahi kumdanganya.

Robo mzunguko. Nusu. Mmoja mzima.

Ting.

Mwanamume wa vifaa akapiga makofi mara moja, akajizuia. Yule mama akashusha pumzi ndefu. Mzee Pembesita akangoja furaha ije. Haikuja. Akaendelea kutazama kitambaa cha kijani, ambacho kwenye kona kilikuwa na kiraka kilichoshonwa vizuri.

Yule mama akainama upande wake wa kitambaa kwa mara ya kwanza, miwani imeingia ukungu.

"Mfupa umeunga vizuri, mzee wangu, na chuma chote kimetoka. Sasa naushona mguu wako. Ganzi ikiisha jioni, utaanza kusikia maumivu."

Mzee akafumba macho, akaanza kuyangoja maumivu hayo.